Mrejesho: chuchu kuchanika, mtoto wa siku 9

Wiki iliyopita niliuliza kwa nini chuchu zinachanika kila mtoto akinyonya. Asanteni sana, mama zangu wa Moshi. Kosa lilikuwa ushikaji wa titi: mtoto alikuwa anafyonza chuchu peke yake.

Sasa nasubiri apanue mdomo kama anayepiga mwayo, ndipo namsogeza yeye kwenye titi, si titi kwake. Kidevu kiguse titi, na weusi unaozunguka chuchu uonekane zaidi juu ya mdomo kuliko chini. Akishika vibaya sivuti, maana ndipo panapochanika. Natia kidole safi pembeni mwa mdomo, anaachia, tunaanza upya. Kisha napaka matone ya maziwa yangu, yakauke yenyewe.

Ananyonya mara 8 hadi 12 kwa siku, nepi 6 za mkojo. Mtori nakula mimi. Yeye maziwa tu mpaka miezi 6.