Kambo wangu ana mstari mmoja tu kwenye dosie

Binti wa Katuba:
Yambo wote. Ninamtafuta kambo wangu, mama aliyemzaa mama. Mume wake alikuwa mfanyakazi wa Union Minière, kampuni ya migodi, hapa Lubumbashi, kwenye matanuru ya shaba. Dosie ya mume, faili lake la kazi, nimeiona: matrikile (namba ya mfanyakazi), mshahara, hata siku alizougua. Kambo ameandikwa mstari mmoja, "épouse: Marie", yaani mke: Marie, chini yake tarehe za watoto sita, basi. Mwanamke aliyepika munkoyo, kile kinywaji cha mahindi, kila Jumamosi, akalisha nyumba nzima mshahara ulipochelewa! Iliniuma. Tena kitambulisho chake cha 1974 kina jina Ngoie, hakuna Marie. Ni yeye kweli?

Mzee wa Kamalondo:
Binti yangu, ni yeye. Mwaka 1972 rais Mobutu alikataza majina ya Kikristo, watu wakashika ya mababu. Enda parokiani na majina yote mawili. Omba buku la ubatizo: utakuta wazazi wake na marene (mama wa ubatizo), na pembeni padri huandika ndoa ilifungwa wapi, na nani. Kama alibatizwa mukini, kijijini kwao, anza na buku la ndoa la hapa. Litataja parokia ya kule.

Yaya wa Ruashi:
Tena andika majina ya wale watoto sita. Kwetu Waluba mtoto anarithi jina la mtu. Kyungu na Kabange yaache, ni ya mapacha. Yale ya ukoo wa mume yatoe pia. Yanayobaki yametoka kwa kambo.

Mzee wa Kamalondo:
Yaya amesema kweli. Karatasi nyingi za Union Minière ziko Brussels, ila kwa mwanamke ningeanza na parokia.

Binti wa Katuba:
Aksanti sana, mzee, na wewe yaya. Nimetoka parokiani leo. Kwenye buku la ndoa, 1951: Marie Ngoie, binti wa Mujinga. Mujinga ndilo jina la mama yangu! Miaka yote nilidhani wamelitoa kwa shangazi wa mume. Mahali pa sahihi mume ameandika jina lake kwa kalamu. Kambo ameweka kidole gumba, wino wa zambarau, na katikati ya alama kuna mstari mweupe wa kovu. Mama alipoona picha alisema, "Hiki ni kile kisu cha mihogo."