Wameniomba muhtasari wa kikao cha idara, na hela yao nimeshaipokea. Nifanyeje?

Msaidizi_wa_Ramani:
Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za jioni.

Mimi ni mhadhiri msaidizi wa jiografia katika chuo kimoja cha umma hapa nchini. Mwezi wa tatu nilifuatwa LinkedIn, mtandao wa watu wa kazi, na dada anayejitambulisha kuwa wa kampuni ya ushauri ya ng'ambo. Akaomba kurasa nne kuhusu bandari na reli zetu, nitumie magazeti na ripoti zilizo wazi. Dola 300. Niliandika usiku mmoja, hela ikaingia. Ya pili vivyo hivyo. Mke wangu alikuwa karibu kujifungua, sikuuliza sana.

Wiki iliyopita ameomba muhtasari wa kikao cha idara yetu na wizara kuhusu ramani za madini. Anasema tuhamie Telegram, chuo kisijue, na malipo yatapanda hadi 1,200. Sijajibu. Naogopa mkuu wa idara ataniuliza kuhusu zile 600.

Mzee_wa_Mikataba:
Marahaba mwanangu. Nimestaafu, lakini kwa miaka mingi nilisoma mikataba ya wafadhili katika ofisi ya utafiti ya chuo. Usimjibu, wala usifute ujumbe hata mmoja.

Njia hiyo ya majasusi inajulikana. Dickson Yeo alikuwa mwanafunzi wa uzamivu huko Singapore. Mwaka 2015 alikwenda Beijing kutoa mada, akakutana na watu waliojiita wa taasisi za utafiti za China. Walianza kwa kumlipa aandike ripoti, kama wewe. Baadaye yeye mwenyewe akaunda kampuni ya ushauri ya uongo, akatangaza kazi, akaletewa wasifu zaidi ya 400, wengi wao wanajeshi na watumishi wa serikali ya Marekani. Mwaka 2020 alikiri kosa katika mahakama ya Washington, akafungwa miezi 14. Zile kurasa zako nne hawakuzihitaji, kila kitu kilikuwa magazetini. Walitaka uzoee kupokea.

Wala usidhani ni China tu. Juni 1962 waandishi wa Afrika walikutana Makerere: Achebe, Soyinka, na Ngũgĩ akiwa mwanafunzi wa hapo hapo. Mfadhili alikuwa Congress for Cultural Freedom, taasisi ya kimataifa ya utamaduni, ambaye pia alilisaidia jarida la Transition la Kampala. Mwaka 1966 na 1967 ikafichuka kwamba nyuma yake kulikuwa na CIA, shirika la ujasusi la Marekani. Waandishi wale waliandika walichotaka, hilo silikatai. Ila wengi wao walinyimwa nafasi ya kukataa fedha ile, kwa sababu hawakuambiwa ni ya nani. Mimi hilo linaniuma mpaka leo.

Kalamu_ya_Mlimani:
Kwa heshima mzee, karibu kila mradi wetu unalipwa na mtu wa nje. Tukianza kuogopa wageni, maabara atazilipia nani?

Mzee_wa_Mikataba:
Hoja yako ni ya haki, na sisemi tuwaogope. Charles Lieber, profesa wa kemia wa Harvard huko Marekani, hakushtakiwa kwa ujasusi. Desemba 2021 alikutwa na hatia ya kuwadanganya wachunguzi kuhusu uhusiano wake na chuo cha Wuhan, China, na kuficha mapato kwenye kodi. Mwaka huohuo Anming Hu, profesa wa Chuo Kikuu cha Tennessee, Marekani, mzaliwa wa China, aliachiwa huru na mahakama baada ya kupoteza kazi bure. Ukichunguza asili ya mtu badala ya karatasi zake, unamuumiza asiye na kosa.

Mtafiti halali wa nje huanzia COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia ya Tanzania, kuomba kibali. Kwangu uliwahi kuja mkataba wenye kipengele kwamba viambatisho asioneshwe hata mkuu wa chuo. Tuliurudisha siku ileile.

Mwanangu, mwandikie mkuu wa idara leo, na zile 600 zitaje wewe kabla hujaulizwa.

Msaidizi_wa_Ramani:
Nimemwandikia saa nne usiku, nimeeleza yote pamoja na zile 600. Amejibu: "Njoo kesho saa mbili, na hiyo simu uje nayo."