Raundi ya kwanza ya gofu msimu huu nimepiga mikwaju 113, niingize hii skoa au niikaushie?

Slaisi_Sugu
Wakuu habari zenu. Juzi nimecheza raundi ya kwanza ya msimu, mashimo 18, nimemaliza na 113 wakati msimu uliopita nilikuwa nacheza kwenye 95 mpaka 100 bila presha. Draiva (fimbo ya kupigia mbali) inakata kulia, hapo sishangai huo ni ugonjwa wangu wa siku zote, kilichoniuma ni kuzunguka grini, yani pale penye nyasi fupi na shimo. Nafika pembeni ya grini kwa mikwaju mitatu halafu natoka na nane, chipu (mkwaju mfupi wa kuingiza grini) moja inachimba udongo mpira unasogea kidogo tu, inayofuata inavuka grini yote mpaka upande wa pili. Kuna pa 4 (shimo la kumalizwa kwa mikwaju minne) nimetoka na 11!! Handikapu yangu (mikwaju ninayopewa kufidia uwezo wangu) kwa ule uwanja ni 22, sasa hii skoa niiingize kwenye hesabu za handikapu au niseme tulikuwa tunapasha misuli tu? Halafu kuna mshkaji kwenye kundi letu kila akipoteza mpira anadondosha mwingine kwenye feiwei (njia ya nyasi zilizokatwa kuelekea grini), anajiongezea mikwaju miwili, anasonga, mimi huku narudi kwenye ti (pale pa kuanzia shimo) kila saa, nani yuko sahihi? Na nianze kurekebisha wapi, maana nataka kununua draiva mpya.

Bogi_Kwangu_Pa
Draiva mpya ya nini mkuu, mpira utakata kulia vilevile ila kwa hela nyingi zaidi 😂

MzeeWaMashimo
Ingiza bwana mdogo, usiogope. Mfumo wa handikapu wa dunia ulioanza 2020 unachukua raundi 8 bora kati ya 20 za mwisho, kwa hiyo kama unazo 20 tayari hiyo 113 itakaa kwenye zile 12 zisizohesabiwa, labda tu iwe imesukuma nje raundi ya zamani iliyokuwa kati ya zile 8 bora, hapo ndo itapanda kidogo. Na ile 11 yako haihesabiwi yote. Kila shimo lina kikomo, pa jumlisha mbili jumlisha mikwaju unayopewa pale. Wewe na 22 unapewa mmoja kila shimo na miwili kwenye mashimo manne magumu zaidi, kwa hiyo pa 4 ya kawaida mwisho wako ni 7, kwenye yale manne ni 8. Piga hesabu upya, kwenye handikapu hiyo raundi si 113 tena. Wanaoficha skoa mbovu wanabaki na handikapu ya kujionyesha halafu kila mechi wanachapwa, mi nawapenda sana hao nikicheza nao.

Kidole_Gumba
Kuhusu mpira uliopotea inategemea kamati ya uwanja. Tangu 2019 kuna kanuni ya ziada kamati inaweza kuiruhusu, unadondosha kwenye feiwei usawa wa pale ulipopotelea kwa adhabu ya mikwaju miwili, yani kama ni mpira wa kutoka kwenye ti unaofuata unakuwa mkwaju wa nne. Angalia nyuma ya kadi ya skoa, kama haijaandikwa basi wewe ndo ulikuwa sahihi na jamaa kajipunguzia. Ila mkuu kurudi kila saa kwa nini, ukihisi umepotea piga mpira wa akiba palepale kabla hujaondoka. Ukishaupiga huo hiyo ya kudondosha huwezi kuitumia tena. Na kutafuta ni dakika 3 tu siku hizi, sio 5.

Tulia_Uputi
Hapo kwenye chipu ndo penye 113 yako. Mwanzo wa msimu ardhi laini, nyasi hazijajaa, weji (fimbo ya kuinua mpira juu) inaingia chini ya mpira inazama. Weka weji pembeni, chukua fimbo namba 8, simama karibu na mpira, uzito mguu wa mbele na ubaki hukohuko, piga kama unaputi (unabingirisha mpira kwenye grini), mpira uruke kidogo utue kwenye grini ubingirike wenyewe. Ukiogopa kuchimba unajiinua, ukijiinua unaugonga tumboni unavuka grini, hizo chipu zako mbili ni kosa lilelile. Na kama grini zimetobolewa na kumwagiwa mchanga puti zitakuwa nzito kwa muda, usianze kubadilisha upigaji wako kwa ajili ya hilo.

Slaisi_Sugu
Shukrani wakuu, skoa naingiza leo. @Tulia_Uputi namba 8 kweli? na kukiwa na banka (shimo la mchanga) katikati je?

Tulia_Uputi
Banka ikiwepo hapo weji haikwepeki. Ila lenga katikati ya grini, achana na bendera.

Bogi_Kwangu_Pa
Na vishikio vya fimbo vioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, vikikaa muda mrefu vinakuwa vigumu vinateleza, unakaba fimbo kwa nguvu bila kujua. Ukilazimisha hiyo draiva mpya basi toa ya zamani kwenye begi, mwisho fimbo 14, ukizidisha ni adhabu ya mikwaju miwili kila shimo ulilocheza nayo mpaka minne kwa raundi, na hiyo 113 ilivyo sijui utaiweka wapi 😂