Mafundi mnaofunga intaneti mbili kwenye mashine moja, acheni kuondoka bila kupanga ipi itangulie!

Wakuu, nimekuja na hasira na sitaificha.

Duka letu ni la dawa za jumla. Nyuma ya kaunta kuna kompyuta ndogo, Raspberry Pi, inayopeleka mauzo na hesabu ya stoo makao makuu mchana kutwa. Kampuni iliyotufungia ilituambia hivi: faiba ndiyo itakayobeba kazi, na modemu ya USB yenye laini ya simu itakaa tayari kwa siku ambayo faiba itakatika. Tukakubali, tukalipia zote mbili. Kumbe faiba imekaa bure, na mzigo wote unapita kwenye modemu. Bando linaisha kabla mwezi haujafika katikati.

Aliyeumia ni binti wa kaunta. Bosi alipoona bando limeisha tena alimbana yeye: unaangalia video gani hapa? Akamtishia kumkata mshahara. Fundi akapigiwa simu, naye akakoleza moto: "Hapo kuna mtu anachezea mtandao, ongezeni kifurushi na mbadilishe nywila." Hakuja kuangalia. Hakuuliza swali hata moja. Mtu anamsingizia binti wa watu wizi wa bando kwa sababu ya kifaa alichokifunga kwa mikono yake!

Nikafungua terminali mwenyewe. Amri ni fupi, `ip route`, na jibu lilikuwa hili:

default via 192.168.8.1 dev eth1 proto dhcp src 192.168.8.100 metric 100
default via 192.168.1.1 dev eth0 proto dhcp src 192.168.1.23 metric 101

eth1 ni modemu, eth0 ni faiba. Kwa wasiozoea: njia mbili zikielekea kulekule, Linux (mfumo unaoendesha mashine hii) huchukua ile yenye metriki ndogo, yaani namba ya kupanga ipi itangulie. Basi. Modemu ina 100, faiba ina 101, kwa hiyo kila kitu kinatokea kwenye modemu. Tofauti ya moja tu ndiyo iliyokuwa inamfanya binti alie stoo.

Najua utetezi unaokuja: "NetworkManager (programu inayosimamia miunganisho ya mtandao kwenye Linux) inajua yenyewe kupanga." Ni kweli ina mpangilio wake wa kuanzia. Waya hupewa 100, waifai 600, modemu ya simu 700. Lakini modemu nyingi za USB zinazouzwa madukani siku hizi hazijitambulishi kama modemu. Zina ruta ndogo ndani yake, zinagawa anwani zake zenyewe za 192.168.8 na kadhalika, na kwa mashine zinaonekana kama kadi ya kawaida ya waya. NetworkManager inaona waya mbili. Anayewahi anachukua 100, anayefuata anasogezwa hadi 101. Umeme ukikatika na kurudi, ruta ya faiba ikichelewa kuamka, modemu imeshakaa mbele. Ndiyo maana wiki moja mambo yalikuwa sawa na wiki nyingine bando likayeyuka, na kila mtu akawa anatafuta mchawi.

Fundi anayeuza huduma ya intaneti mbili anatakiwa kulijua hili kabla hajachukua hela ya mtu.

Hasira yangu kubwa zaidi ni kwa "matengenezo" waliyokuja kufanya baada ya kuwaonyesha hayo matokeo. Fundi mwingine akaja, akaweka mstari huu kwenye skripti inayoendeshwa mashine ikiwaka:

ip route add default via 192.168.1.1

Hakuandika metriki. Kwa IPv4 (anwani za kawaida kama 192.168.1.1), njia ya namna hiyo inapata 0, yaani inazishinda zote. Kweli, trafiki ikahamia faiba, fundi akasaini karatasi akaondoka. Kisha wachimba barabara wakakata faiba huko mtaani. Waya kati ya mashine na ruta ya faiba ulikuwa mzima, taa inawaka, kwa hiyo ile njia ya 0 ikabaki palepale ikielekeza kila kitu kwenye ruta isiyo na pa kupeleka. Modemu ipo, bando limejaa, laini ina mtandao, na duka limekatika siku nzima! Makao makuu wanapiga simu kuuliza kwa nini hatuuzi. Hiyo modemu tuliinunua ya nini?

Na nyie mnaojaza ushauri kila mtu akiuliza jambo hili, mnachangia. Mmoja anasema badilisha DNS iwe 8.8.8.8. DNS kazi yake ni kugeuza majina ya tovuti kuwa anwani za namba; inahusikaje na njia ya kutokea? Mwingine anasema futa njia ya modemu kwa `ip route del`. Utaifuta, halafu muunganisho ukianza upya inarudi, kwa sababu anayeiandika ni NetworkManager, na wewe hujamwambia lolote. Wa tatu anabandika maelekezo ya kuhariri dhcpcd.conf, faili la mipangilio ya mtandao la mfumo wa zamani. Raspberry Pi OS ilihamia NetworkManager Oktoba 2023, na toleo la Bookworm. Kwenye mashine kama yetu faili hilo halisomwi na yeyote, na mtu anayeanza atapoteza usiku mzima akilihariri.

Agizo linaandikwa kwenye wasifu wa muunganisho wenyewe ili lidumu. Angalia majina kwa `nmcli connection show`. Kwetu yalikuwa "Wired connection 1" na "Wired connection 2", majina yasiyokwambia lipi ni lipi, hivyo angalia safu ya DEVICE kwanza (kwetu 1 ilikuwa faiba, 2 modemu). Kisha:

sudo nmcli connection modify "Wired connection 1" ipv4.route-metric 100 ipv6.route-metric 100
sudo nmcli connection modify "Wired connection 2" ipv4.route-metric 700 ipv6.route-metric 700

Halafu `sudo nmcli connection up` kwa kila moja, na ule mstari wa skripti uondolewe kabisa. Msiache sehemu ya ipv6, yaani anwani za aina mpya zenye orodha yake ya njia. Kama laini ya simu inatoa IPv6, trafiki yake itaendelea kula bando kimyakimya huku ip route ikikuonyesha kwamba mambo ni shwari. Kuiona tumia `ip -6 route`.

Hata hapo kazi haijaisha, na hapa ndipo nawataka mafundi wasome taratibu. Metriki haijui kama faiba imekatwa barabarani. Inapanga tu nani atangulie. Ili modemu ipokee kazi wakati waya wa ndani ni mzima lakini nje hakuna mtandao, NetworkManager lazima iwe inakagua kama intaneti inafika. Ikiona muunganisho umefeli ukaguzi huo, inaongeza 20000 kwenye metriki yake: faiba inakuwa 20100, modemu yenye 700 inatangulia, na faiba ikipona zinarudiana nafasi. Kwenye Debian, ambayo Raspberry Pi OS imejengwa juu yake, ukaguzi huo unahitaji kifurushi network-manager-config-connectivity-debian. Kwa kawaida unafanyika kila sekunde 300, kwa hiyo subirini dakika chache kabla ya kupiga kelele. Nani kati ya waliokuja dukani kwetu aliutaja? Hakuna.

Na kujaribu! Kuchomoa waya wa Ethaneti si jaribio, maana hapo kila mfumo unahama. Acha waya wa mashine, chomoa ule wa faiba unaoingia nyuma ya ruta, subiri, kisha andika `ip route get 1.1.1.1` uone inatokea eth ipi. Rudisha faiba, subiri tena, angalia tena. Zima umeme wote, washa, angalia mara ya tatu. Fanya hivyo mbele ya mteja na umwonyeshe. Kazi ya nusu saa mnaikwepa, halafu mnamwachia binti wa kaunta kesi.

Bosi amemwomba binti radhi mbele ya wenzake, hilo namshukuru. Kampuni haijamwomba. Badala yake jana imeleta ankara ya "marekebisho ya mtandao", na humo wametoza ile siku waliyoweka mstari wa 0. Nimeirudisha na matokeo ya ip route yamebandikwa nyuma yake, na nimeandika kwamba hailipwi hadi waje wafanye jaribio hilo la kuchomoa faiba mbele yetu, na hadi waandike barua ya kumsafisha binti kwa jina lake.

Mliofungiwa mfumo kama huu, endesheni ip route leo na mbandike hapa. Nitazipitia moja moja.