Tupeane uzoefu: eksteno inayokatakata, uliiokoaje?

Mleta mada
Wakuu, habari zenu. Mimi ni mpiga video za harusi na sendofu hapa Dar, na kazi za wateja zinalala kwenye eksteno (diski za nje za USB) ndogo za inchi 2.5, zile zisizo na adapta. Nimeanzisha uzi huu kwa sababu watu wanatupa diski nzima wakidhani zimekufa.

Juzi mwenzangu wa kuediti kaniletea yake. Ukiichomeka taa inawaka, inalia tik, tik, tik, Windows inapiga mlio wa kuingia na papo hapo wa kutoka. Nikamuuliza anaichomeka wapi. Kumbe ni tundu la mbele la kompyuta ya mezani, tena kwa kebo ndefu ya kuungia. Tukaipeleka nyuma, kwenye matundu ya bodi kuu ya kompyuta yenyewe, kwa kebo fupi. Ikatulia, tukakopi harusi zote.

Tatizo lilikuwa umeme. Tundu la USB 2.0 kwa kawaida linatoa miliampea 500 na la USB 3.0 linatoa 900, ila diski inapoanza kuzunguka inaweza kutaka karibu ampea nzima. Kebo ndefu na nyembamba nayo inakula volti njiani. Mota inajaribu kuzunguka, inashindwa, inajaribu tena, ndiyo hiyo tik tik.

Karibuni, kila mtu aseme ya kwake.

Mwanachama, Arusha
Kwangu ni kebo. Ile plagi pana bapa ya USB 3.0 inayoingia kwenye eksteno hulegea mapema. Yangu ilikuwa inakatika kila nikisogeza laptopu kidogo. Kebo mpya, basi.

Fundi
Mleta mada upo sahihi, ila wakuu, tik tik ikiendelea hata kwenye tundu zuri na kebo nzuri, hapo ni vichwa vya kusomea. Zima, usiendelee kujaribu.

Kama inasomeka kwa kusuasua, fungua CrystalDiskInfo, programu ya kupima afya ya diski, ni ya bure. Angalia mistari ya 05 (sekta, yaani vipande vya kuhifadhia data, zilizokwisha kubadilishwa), C5 na C6 (sekta zilizoshindikana kabisa). C5 ni sekta ambazo diski imeshindwa kuzisoma na bado haijajua izifanyeje. Namba hiyo ikiwa inapanda, diski inaoza na muda unahesabika.

Na hapa naomba mnisikilize vizuri: msikimbilie chkdsk /r, ile amri ya Windows ya kukagua na kukarabati diski. Inaisugua diski nzima mwanzo hadi mwisho na kuandika juu yake, wakati diski haina nguvu hiyo. Nimeletewa diski nyingi zilizomalizwa na amri hiyo, na inaniuma kwa sababu picha za watu zilikuwa bado zinatoka. Chukua diski nyingine nzima, washa kompyuta kwa Linux badala ya Windows, tumia ddrescue, programu ya kunakili diski mbovu. Yenyewe inabeba kwanza maeneo yanayosomeka kirahisi, mabovu inayaacha mwisho, na ukiipa faili la kumbukumbu, hata umeme ukikatika inaendelea ilipoishia. Kukarabati kunafuata baada ya nakala.

Mwanachama, Mwanza
Fundi, naweza kuifungua kava nikaichomeka diski moja kwa moja kwenye kompyuta?

Fundi
Inategemea, mkuu. Nyingine ndani kuna diski ya kawaida ya SATA (plagi ya diski za ndani ya kompyuta) na bodi ndogo ya saketi ya kugeuza kuwa USB. Bodi hiyo ndogo ikiungua unaitoa diski na inasoma. Nyingine tundu la USB limechomelewa kwenye bodi ya diski yenyewe, hakuna SATA. Halafu zipo ambazo bodi hiyo ndogo ndiyo inayofunga data kwa siri, kwa hiyo ukiitoa diski utaletewa ombi la kufomati. Usikubali. Irudishe kwenye bodi yake ndogo.

Mwanachama, Mombasa
Nyongeza kwa wenye zile kubwa za inchi 3.5: anzeni na adapta ya volti 12. Yangu ilikuwa inawaka vizuri, kisha inazimika nikianza kukopi faili kubwa. Nilipoazima adapta nyingine yenye volti na ampea zilezile, ikafanya kazi usiku kucha.