MREJESHO: Mafundo kwa skauti wadogo, Mbeya

Wadau, asanteni sana. Niliuliza namna ya kufundisha mafundo watoto 24 wa miaka 8 hadi 10 bila kuwachosha.

Uliyeshauri kamba za rangi mbili, ubarikiwe: nyekundu na nyeupe, mita 1 kila moja, unene milimita 8. Fundo bapa (la kuunganisha kamba mbili) likikaa sawa, ncha ya kila rangi inalala sambamba na kamba yake. Likikosewa, ncha zinachomoza pembeni. Watoto wanasahihishana wenyewe!

Kisa cha sungura cha kufundishia bowline, fundo la kitanzi kisichokaza (ncha ya kamba ndiyo sungura: atoke shimoni, azunguke mti, arudi shimoni), kimewanasa, ila nusu yao bado wanalaza kitanzi kinyume, ncha ikiwa chini, na fundo linafumuka.

Mashindano ya kufunga mafundo bila kuona, macho yakiwa yamefunikwa, asubuhi yamegoma: baridi ya Julai, vidole ganzi. Saa kumi jioni yanakwenda vizuri. Katani inachoma viganja, tumieni pamba.