Nimekata cheni ya baiskeli pini ikachomoka yote, naunganishaje? Na zibaki pingili ngapi?

Uyole_Juu
Wakuu habari za jioni, naombeni msaada kabla sijaharibu zaidi. Nina baiskeli ya mtumba ya gia, mbele sproketi tatu nyuma nane, naenda nayo kazini Mwanjelwa kila siku. Cheni ya zamani ilishaanza kuruka nikikanyaga kwa nguvu nikanunua mpya ya gia nane, kwenye boksi wameandika pingili 116. Kuijaribu naona ndefu mno, nikiiweka ndogo mbele na ndogo nyuma inaning'inia kama kamba ya kuanikia nguo. Jirani akasema we kata nne tu, nikaazima kikatio cha cheni kile cha kuzungusha, nikazungusha mpaka pini ikachomoka yote ikadondokea kwenye majani. Nimeipata ila kuirudisha imegoma, niko nayo tangu saa nane mikono imejaa grisi wife kanicheka mpaka basi. Nimebaki na pingili 112. Pini inarudije? Na hizo zinatosha au bado ndefu?

fundi_wa_Ipogolo
Kamwene. Hiyo pini itupe ndugu yangu, hata ukifanikiwa kuipigilia itakuja kukuachia njiani. Cheni hizi nyembamba za gia pini ikishatoka haina tena mshiko, kanunue loki ya cheni ya gia nane, yaani pingili maalum ya kuunganishia ncha mbili, ni kitu kidogo tu, unafunga kwa mkono.

Na huyo jirani mwambie cheni haikatwi kwa macho. Fanya hivi: zungushia cheni kwenye sproketi kubwa ya mbele na kubwa ya nyuma, USIIPITISHE kwenye ule mkono wa gia wenye vigurudumu viwili, yaani iende moja kwa moja kama baiskeli isiyo na gia. Vuta ncha zikutane, angalia pale zinapoweza kuungana, halafu ongeza pingili mbili, nyembamba moja (ile ya ndani) na pana moja (ile ya nje). Hapo ndo unakata. Loki nayo ihesabu kama pingili moja pana, na kumbuka loki inashika nyembamba kwa nyembamba, kwa hiyo ncha zote mbili lazima ziwe nyembamba. Wengi wanakwama hapo, wanakata vizuri kabisa halafu wanajikuta na ncha moja pana.

Ndefu itakukera tu ila fupi ndo hatari. Hapa kwetu mtu anapanda kutoka Ipogolo kwenda mjini, kasahau mbele yuko kwenye kubwa, anavuta gia ya nyuma mpaka kubwa kabisa, cheni ikiwa fupi inavuta ule mkono unapinda unaingia kwenye spoku. Naletewa sana hizo.

Uyole_Juu
Asante fundi. Sasa kikatio nitumieje safari hii isijirudie?

fundi_wa_Ipogolo
Kama kipande unachotoa ni cha kutupa na unafunga kwa loki, pini itoke yote hamna shida. Cha kuangalia ni ile ncha ya kikatio ikae katikati ya pini kabla hujazungusha, ikikaa upande unapinda ncha au unaharibu bati la cheni. Zungusha nusu, angalia, ndo uendelee. Ukisikia imekaza sana rudi nyuma uiweke upya, usitumie nguvu za kulimia.

hesabu_za_jioni
Mi sio fundi ila kuna hesabu yake, ukitaka kuhakikisha kabla ya kukata. Pima kwa inchi kutoka katikati ya krenki (pale pedeli zinapozungukia) mpaka katikati ya habu ya nyuma (kitovu cha tairi), zidisha mara mbili. Jumlisha meno ya sproketi kubwa ya mbele gawa kwa 4, meno ya kubwa ya nyuma gawa kwa 4, halafu ongeza 1. Jibu ni inchi, na kila inchi ni pingili mbili. Tupe vipimo vyako.

Ubaruku_Mpunga
Nyie watu wa milimani mna mambo 😂 huku kwetu tambarare baiskeli ni ile nyeusi gia moja na gunia la mpunga nyuma, cheni ikilegea nasogeza tairi la nyuma namaliza, ikifika mwisho wa kusogea ndo natoa pingili mbili kwa nyundo na msumari. Ila na sisi loki ina masharti, kile kibanio mdomo wake uliofungwa uelekee cheni inakokwenda, ukiweka kinyume kinachomoka.

Uyole_Juu
Mwalimu: krenki mpaka habu inchi 16 na robo tatu, mbele meno 42, nyuma 32.

hesabu_za_jioni
33.5 + 10.5 + 8 + 1 = 53. Pingili 106, loki ikiwemo. Cheni yenyewe basi ibaki na 105, we toa saba zingine, anzia huo upande uliopoteza pini.

fundi_wa_Ipogolo
Sawa kabisa, ila zungushia kwanza ndo ukate, utepe unadanganya. Na hujasema ya zamani ilikuwa imeisha kiasi gani. Ivute inyooke, pima pingili 24, inatakiwa inchi 12 kamili. Ikizidi moja ya kumi na sita ilikuwa ya kubadilisha, ikizidi moja ya nane ujue imeshakula na meno ya nyuma.

Uyole_Juu
Mrejesho wakuu. Nimezungushia imekuja 106 vilevile kama ya mwalimu, nimebaki na 105 nikafunga loki. Ilikuwa haikai vizuri nikaileta juu, nikashika breki ya nyuma nikakanyaga pedeli ikalia ta, imekaa. Kubwa kwa kubwa inapita, mkono wa gia umenyooka ila haujakaza.

Ya zamani nimepima, imezidi hata hiyo moja ya nane. Na kweli cheni mpya inaruka kwenye zile mbili ndogo za nyuma nikikanyaga kwa nguvu, huko kwingine safi. Kesho nazunguka kwenye mitumba Mwanjelwa kutafuta kaseti, yaani seti nzima ya sproketi za nyuma, jirani kashasema anaijua bei 😅